Mizani ya Mjomba

9 Januari

Mdogo wangu,

Marahaba. Shikamoo yako ya kwenye simu Jumapili iliyopita sikuiitikia vizuri, kwa hiyo naiitikia hapa. Sisi wazima, kama kulalamika ni uzima. Shemeji yako bado analinda lile ghala la mbao usiku na kulala mchana, tukionana ni mlangoni tu, yeye anaingia mimi natoka. Cherehani yangu imeanza tena kuruka nyuzi, na sare za shule zinatakiwa wiki hii hii. Goti la wifi yangu linaendeleaje? Mwambie aache kupanda ngazi na ndoo, maji atabebewa.

Utauliza kwa nini nakuandikia na simu ninayo. Nyumba yetu unaijua, chumba kimoja na pazia. Nikikohoa, mwanangu Mwenyekiti anataka kujua nimekohoa mara ngapi. Hakuna neno la kumhusu ninaloweza kulisema kwenye simu asilisikie, na akilisikia ataliitishia mkutano. Kwa hiyo naandikia hapa kazini, juu ya meza ya kukatia vitambaa, na majibu uyatume kwa anwani hii hii ya karakana.

Tulikwenda kliniki mwezi uliopita. Mwanangu ametimiza miaka kumi, akili yake iko darasa la nne na inawashinda walio la sita, lakini mwili wake unakimbilia uzee kana kwamba kuna mtu anaufukuza. Kwenye foleni ya basi kijana mmoja alimwona kwa nyuma, na kofia yake na shali, na ule mwendo wa nyonga zinazouma. Akamwambia, "Shikamoo, bibi." Mwenyekiti hata hakugeuka. Akajibu, "Marahaba, mjukuu wangu, umekua." Watu wote walicheka, na mimi nilicheka, halafu nikaenda chooni kulia.

Kliniki ni yale yale. Urefu, presha, moyo, nyonga, kisha wanampaka yale mafuta ya baridi shingoni waangalie mishipa. Wenye maradhi yake huwa wanne kwenye lile benchi, wamefanana kama wa tumbo moja, na wanaulizana kilo kama wenzao wanavyoulizana alama za mtihani. Safari hii walikuwa watatu. Yule aliyekuwa akijiita Dereva hakuja, na mama yake hakuja. Sista wa kliniki alipofika kwenye faili lake aliliweka chini ya mengine, akaita jina linalofuata.

Mwenyekiti alikuwa na kilo kumi na moja na gramu mia mbili. Amepungua gramu mia mbili. Ni mayai matatu hivi, mdogo wangu, lakini siku mbili nzima chakula hakikupita kooni. Nimelisema kwa mdomo na sasa naliandika: sindano ya ile mizani ikishuka tena mbele ya macho yangu, simrudishi kule. Atakaa nyumbani kwake, na dawa yao wabaki nayo. Nimechoka kupanda basi saa tano nzima kwenda kusomewa mwanangu anavyopungua.

Dada yako

30 Januari

Dada, shikamoo.

Goti la wifi yako limepoa kidogo, ila mdomo haujapoa, anasema wewe ndiye wa kuambiwa upumzike. Mimi niko kwenye maghala ya nafaka wiki ya tatu sasa, napima mizani za watu. Wenye maghala wananipokea kwa chai na kunisindikiza kwa matusi. Jana nimeikatalia muhuri mizani iliyokuwa ikiwaibia wakulima robo kilo kwa kila gunia, na mwenyewe akaniuliza kama nina watoto, kwamba ningekuwa nao nisingekuwa na roho hii. Nikamjibu kwamba nina mpwa.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nakuomba usinifanyie hilo la kuacha kliniki. Ile dawa haiuzwi dukani, na watoto wanaoipata wanahesabika. Ukitoka kwenye orodha, nani atakurudisha?

Kuna kitu nimekutumia kwa basi, kimefungwa kwenye blanketi. Ni mizani ya sindano, ya kusimamia, ilikuwa ya zahanati iliyofungwa. Nimeifungua yote, nikaisafisha na kuifunga tena kwa mikono yangu, na pembeni nimegonga muhuri wangu. Mpimeni Jumamosi asubuhi kabla hajala, bila viatu. Ni ya kujiangalizia tu hapo nyumbani, usikae miezi miwili roho juu ukingoja ya kliniki. Usiogope kuitazama, dada. Naamini utaona mazuri.

Msalimie Mwenyekiti, mwambie mjomba anaomba kibali cha kuhutubia mkutano ujao.

Mdogo wako

24 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba, tena marahaba yenye afya. Mizani imefika salama, kondakta aliipakata kama mtoto. Kumi na mbili na gramu mia moja! Nilimshusha nikampandisha tena, nikamvua hata kofia. Kumi na mbili na mia moja. Yale maziwa na mayai niliyokuwa nikimlazimisha kumbe yalikuwa yanakwenda mahali.

Sasa Jumamosi ni siku ya kikao. Mwenyekiti anapanda, anatangaza kwamba kikao kimefunguliwa, mimi nasoma, yeye anaandika kwenye karatasi ya ukutani. Baba yake huamshwa kuja kupiga makofi, anapiga huku amefumba macho. Nimeanza kula, mdogo wangu. Hata mwenye karakana ameniuliza nimepata nini, nikamwambia nimepata mizani. Akadhani nafungua duka.

Kubwa zaidi ni hili. Nilimwandikia sista wa kliniki kumpa habari, nikamweleza kwamba mdogo wangu ndiye fundi anayegonga muhuri mizani za maghala. Amenijibu kwamba kama mizani ni ya fundi na ina muhuri, hatuna haja ya kuhangaika na safari mpaka Juni. Tutume namba kwa barua kila mwezi, daktari atapanga kipimo cha dawa kwa namba hizo, na dawa watatutumia. Saa tano za basi zimeondoka kwenye nyonga za mwanangu. Kwa hilo peke yake nakuombea maisha marefu.

Ulipokuwa mdogo nilikubeba mgongoni mpaka darasa la kwanza kwa ajili ya ule mguu wako, na watu wakasema nalea mvivu. Wangekuona leo.

Dada yako

2 Aprili

Dada, shikamoo.

Nisamehe kuchelewa. Nilikuwa safarini, halafu nikaugua mafua, halafu nikawa sina bahasha. Wifi yako anakusalimu.

Nimefurahi kwa habari zenu. Ila nataka kusema jambo moja kuhusu ile mizani. Mizani ya nyumbani ni ya nyumbani. Sakafu yenu ina mabonde, na yenyewe imesafiri mbali kwenye basi. Sidhani ni vizuri namba zake zitumike kwa mambo makubwa kama dawa. Ingekuwa mimi, ningempeleka apimwe kule kule, hata mara moja tu kabla ya Juni. Nauli nitajaribu kutuma.

Sina maana kwamba ni mbovu. Nasema tahadhari tu. Kazi ni nyingi, nitaandika vizuri siku nyingine.

Mdogo wako

5 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Ile barua yako uliiandika umesimama kwa mguu mmoja? Januari mizani umeifungua yote na kuifunga kwa mikono yako, Aprili unaikana kwa sababu ya sakafu yangu. Wateja wako wakikusikia watakucheka. Na kwenye simu umepiga mara tatu mwezi uliopita, na mara zote tatu umeishia kuuliza kama mvua imenyesha. Imenyesha. Una nini?

Nauli sitaki. Si hela inayonizuia, ni nyonga zake. Safari ya Desemba ilimlaza siku nne.

Kwa kuwa Machi alifika kumi na mbili na mia tatu, daktari alifurahi akaongeza kipimo cha dawa tangu katikati ya Aprili. Sasa anatapika. Asubuhi anatapika, jioni tumbo linamwendesha. Sista ameniandikia kwamba dawa ile huwa na kawaida hiyo, tuvumilie, mwili utaizoea. Tunavumilia. Nimefua mashuka mpaka vidole vimekuwa kama vya Mwenyekiti, na yeye kaniambia karibu kwenye chama. Jumamosi mizani ilisoma kumi na moja na mia tisa, si mbaya sana kwa mtu asiyebakiwa na kitu tumboni. Ila nikimwinua kumpeleka kuoga, naona kama... basi, acha.

Hajapoteza vituko. Juzi shemeji yako alirudi na mfuko wa unga wa kilo kumi, Mwenyekiti akamtuma ausimamishe juu ya mizani, eti unga nao uhudhurie kliniki. Baba wa watu kwa usingizi alitii. Mwenyekiti akaikodolea macho sindano, akaandika kitu kwenye daftari lake la mikutano, na daftari hilo halionyeshi mtu. Siku ile hakuzungumza sana. Nilidhani ni tumbo.

Dada yako

20 Juni

Mdogo wangu,

Hujajibu ya Mei, sijui kama unaumwa. Nakuandikia nimekaa kwenye kiti cha plastiki, pembeni ya kitanda, hospitali. Wamemlaza.

Jumamosi nyumbani tulimpima: kumi na moja na nusu. Jumatatu tukapanda basi. Jumanne hapa wakampima: kumi na nusu. Kilo nzima, mdogo wangu, kwa siku tatu, kwa mtoto ambaye kilo zake zote zinahesabika kwa vidole. Walimpima kwenye mizani tatu tofauti. Wakaanza kumtoa damu asubuhi na jioni wakitafuta kilichomla ghafla hivyo. Mishipa yake haishikiki, wanamchoma mara nne kupata mara moja, na yeye anawahesabia kwa sauti.

Jana daktari alinitoa nje. Ni mtu mpole, na upole wake ndio ulionimaliza. Akaniuliza, "Mama, hizi namba za kila mwezi, uliziona kwenye mizani au uliziandika tu?" Akasema hanilaumu, kwamba wazazi huchoka, kuna waliofanya hivyo kabla yangu. Lakini dawa hii inatolewa kwa watoto ambao kumbukumbu zao zinaaminika, na namba zisizo za kweli zinaweza kumuua mtoto kwa kipimo kisicho chake. Mpaka wajue ukweli wameisimamisha. Kikao chao ni tarehe tano Julai. Nisipokuwa na maelezo, nafasi yake inakwenda kwa mtoto mwingine anayengoja.

Sijawahi kugombana na daktari maishani mwangu. Jana niligombana. Nilimwambia mbele ya wauguzi kwamba mizani zao ndizo zilizochakaa, kwamba mdogo wangu hajawahi kupindisha kipimo kwa mtu, kwamba anatukanwa kwa sababu hiyo. Nilipaza sauti mpaka Mwenyekiti akaniita ndani akaniomba nikae. Alinishika mkono akasema, "Mama, mizani zao ziko sawa." Nikamwambia mambo ya watu wazima amwachie mama.

Sasa nakuomba kitu kimoja, na sijakuomba kitu tangu uoe. Niandikie karatasi yenye muhuri wako, kwamba mizani uliyonitumia ni sahihi. Mistari miwili inatosha. Itume haraka.

Dada yako

26 Juni

Dada, shikamoo.

Karatasi uliyoiomba siwezi kuiandika. Mizani si sahihi, na si safari wala sakafu. Niliipindisha mimi.

Wacha niseme yote kabla sijaogopa tena. Ikiwa tupu inasoma sifuri, ndiyo maana usingeshuku. Lakini ndani yake kuna kiungo kinachovuta sindano, nikakisogeza. Kwa kila kilo kumi ilikuwa inasoma kumi na moja. Mtoto hakuwahi kufika kumi na mbili. Siku uliyomshusha ukampandisha tena ukamvua kofia, alikuwa na kumi na moja kamili.

Uliandika kwamba sindano ikishuka tena mbele ya macho yako hutamrudisha kliniki. Nakujua, dada, ukisema umesema. Nikafikiri, hospitali wana mizani zao, dawa watapima kwa zao, hii ya kwangu ni ya kumpa dada usingizi tu. Funika kombe mwanaharamu apite. Hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu, na nilikuwa najisikia mtu mwema wakati nakaza ile skrubu.

Halafu ukaniandikia kwamba namba zinakwenda kwa daktari. Siku ile ndiyo ningesema. Niliandika barua nne nikazichana, nikatuma ile ya sakafu. Nikapiga simu, ukapokea kwa sauti ya mtu aliyekula akashiba, sauti ambayo sijaisikia kwako miaka mingi, nikauliza mvua. Ulipoandika kwamba wameongeza dawa na anatapika, nilijua ni mkono wangu, na bado nilikaa. Sikuugua mafua wala sikukosa bahasha.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya daktari. Nimeeleza nilichofanya, kipimo kwa kipimo, nimetia sahihi na kugonga muhuri. Mpe hata kama hutaki kunitazama tena. Ukweli huu ndio pekee utakaomrudishia nafasi yake.

Mdogo wako

30 Julai

Dada, shikamoo.

Sijapata jibu na sina haki ya kulidai. Shemeji kwenye simu aliniambia mmerudi nyumbani, akasema hana zaidi, akakata.

Muhuri nimeurudisha ofisini mwenyewe, na nimewaeleza sababu. Fundi anayepindisha moja hana la kuwaambia wengine. Sasa napakia magunia kwenye ghala moja nililokuwa nikilipima. Yule mwenyewe wa robo kilo ananiita mwalimu. Mgongo unauma, lakini nalala.

Sitaki msamaha kwa barua hii. Nataka namba moja tu. Ana kilo ngapi?

Mdogo wako

25 Agosti

Dada, shikamoo.

Bado niko anwani ile ile.

Mdogo wako

14 Septemba

Mdogo wangu,

Barua zako tatu zipo kwenye mkebe wa vifungo. Siku niliyosoma ile ya kwanza nilikuwa nimekuja mjini mara moja kuchukua nguo zake. Mwenye karakana akanipa bahasha mlangoni. Nilirudi hospitali nayo kifuani. Baadaye niliporudi kazini nilishona mikono ishirini na miwili ya sare, yote ya kushoto. Nilitaka kukuandikia matusi nikakosa nguvu ya kuyapanga. Shemeji yako alitaka kuitupa mizani jalalani, Mwenyekiti akaikalia mpaka akaghairi.

Daktari nilimpa karatasi yako. Aliisoma mara mbili, akaikunja. Akaniambia kwamba anaielewa, lakini atajuaje kama huyu si ndugu anayemwokoa dada yake kwa uongo wa pili? Nilikuwa nimesimama pale nimeshika mkoba kama mtu aliyekosea mlango.

Ndipo Mwenyekiti akaomba apewe mfuko wake. Akatoa lile daftari la mikutano. Mdogo wangu, kila Jumamosi imo, tangu ya kwanza. Safu mbili, amezipigia mstari kwa rula. Moja ameandika Ya Mjomba, ya pili ameandika Ya Kweli. Siku ile ya mfuko wa unga aliona kumi zilizofungwa kiwandani zinasoma kumi na moja, akaelewa. Akarudi kwenye karatasi ya ukutani, akazirekebisha zote za nyuma, moja moja, kwa penseli. Daktari alikaa kitandani pake na kalamu, akalinganisha na karatasi yako na mizani zake. Zikakubaliana, tofauti ni gramu chache tu.

Akamuuliza kwa nini hakumwambia mama. Nami nilikuwepo, wala hakuteremsha sauti kwa ajili yangu. Alisema, "Sindano ikipanda, mama anakula. Ikishuka, hali. Nikaona bora tule wote."

Sijui kama unanielewa. Mtoto wa kilo kumi alikuwa amenibeba mimi.

Na kwa kuwa siku hizi kila mtu anasema kweli, na mimi niseme yangu. Nilikubeba wewe miaka sita. Mgongo huu na mikono hii inajua kilo kuliko muhuri wako. Tangu Machi nilipokuwa nikimwinua kumvika, mikono iliniambia. Mtoto alikuwa mwepesi. Kila Jumamosi niliisikia mikono, na kila Jumamosi nikachagua sindano. Kwa hiyo usijione mwongo peke yako. Nyumba hii ilikuwa na watatu, na mwenye nafuu kati yetu ana miaka kumi.

Sijakusamehe yote. Nafikiri zile asubuhi za kutapika, nafikiri zile sindano za mishipa, na kuna siku nakuchukia mpaka naacha kushona. Hilo litakaa muda wake. Usiliharakishe.

Nafasi yake hawakuichukua. Kipimo cha dawa kimeshushwa, kutapika kulikoma wiki ya pili. Kliniki sasa tunakwenda wenyewe kila mwezi, na wametupangia gari la hospitali hadi nusu ya njia. Namba uliyoiomba ni kumi na gramu mia saba, ya Jumanne iliyopita. Nilisimama mbele ya sindano nikaitazama mpaka ikatulia. Mchana ule nilikula. Kuhusu mishipa ya shingo daktari alisema jambo ambalo sitaliandika hapa.

Mwenyekiti amepitisha azimio, nami nalileta kama lilivyo. Mjomba aje airekebishe mizani mwenyewe, mbele ya kikao. Aje na yale mawe yake ya kupimia, asije na zawadi. Nilimwambia kwamba mjomba hana muhuri tena. Akasema muhuri hauhitajiki, yeye ataweka sahihi.

Shikamoo zako tatu zilikaa kwenye mkebe bila kuitikiwa. Nilimsomea Mwenyekiti jana. Akasema si adabu salamu kulala, na kwamba mkubwa wa nyumba hii kwa sura ni yeye, basi ataziitikia yeye. Akaweka penseli chini, akasema polepole, mara tatu: marahaba, marahaba, marahaba.

Yangu utaikuta mlangoni. Njoo uichukue, na usikawie. Hatuna muda wa kutupa.

Dada yako